Kweli, sahihi, maana, kwa sababu: maneno ya hoja tunayoyatumia kila siku bila kuyapima

#1 Mpembuzi (mleta uzi)

Wakuu, heshima mbele.

Uzi huu umezaliwa na kichekesho, na aliyechekwa ni mimi. Kwenye kundi moja la mijadala mtu aliandika: "Ndege wote hutaga mayai. Popo ni ndege. Kwa hiyo popo hutaga mayai." Nikamjibu: "Hoja yako ni sahihi, ila si kweli." Balaa. Mmoja akauliza kama nimelewa. Mwingine akasema huo ndio usomi wa siku hizi, kusema ndiyo na hapana kwa pumzi moja.

Nilimaanisha kila neno. Ukikubali kwamba ndege wote hutaga, na ukikubali kwamba popo ni ndege, huna pa kutokea, lazima ukubali kwamba popo hutaga. Mwendo wa hoja hauna kasoro. Kasoro iko kwenye kauli ya pili, maana popo ni mnyama anayezaa na kunyonyesha. Kwa hiyo mwendo ni sahihi, kauli moja si kweli, na hitimisho limeharibika kwa sababu ya hiyo kauli moja.

Sasa tazameni upande wa pili, ambao ndio unaodanganya wengi: "Ndege wote hutaga mayai. Kuku hutaga mayai. Kwa hiyo kuku ni ndege." Kauli zote tatu ni kweli tupu, lakini hoja ni mbovu. Ukitaka kuiona mbovu, toa kuku weka mamba. Mamba hutaga mayai, kwa hiyo mamba ni ndege? Mwendo ni uleule, hitimisho ni kichekesho. Hoja ya kuku ilifika nyumbani kwa bahati tu.

Ndiyo maana naomba tuyatenganishe haya maneno mawili. Kauli huwa *kweli* au *si kweli*. Hoja huwa *sahihi* au *si sahihi*. Kauli haiwi sahihi na hoja haiwi kweli. Tukishikilia hilo peke yake, nusu ya ugomvi wa mitandaoni utakuwa umepata jina.

Na hapo hapo kuna neno *hoja* lenyewe. Mtu akisema "nina hoja tatu", mara nyingi ana madai matatu. *Dai* ni kauli uliyoiweka mezani bila kuishikiza. Hoja ni dai pamoja na kauli zinazolishikiza. Asiyetoa sababu hajatoa hoja, hata akiandika kwa herufi kubwa.

Karibuni mniongezee, na mnikosoe.

#2 Ulimi Mzito

Nimeweka kambi hapa. Mkuu usitoroke.

#3 Chembe

Uzi mzuri. Swali la haraka: hizo kauli zinazoshikiza hitimisho unaziitaje? Nimeona wengine wanaandika "vitangulizi", wengine "misingi", wengine wanasema "premisi" na maisha yanaendelea.

#4 Mpembuzi

Mimi natumia *msingi*. "Vitangulizi" inanipa shida kidogo, maana katika mazungumzo ya kawaida mara nyingi hitimisho ndilo hutangulia: "Leo hatutoki, mvua inakuja." Msingi wa hoja umekuja mwisho, na bado ni msingi. Isitoshe msingi una jamaa zake tayari: tunajenga hoja, tunaibomoa, tunasema hoja haina mashiko. Nyumba nzima iko tayari, kwa nini tukapange kwingine?

#5 Mwanafunzi wa Lugha

Naomba nichangie upande wa asili ya maneno, maana ndiko ninakoshinda.

*Mantiki* ni mantiq ya Kiarabu, na mzizi wake ni kunena. Si ajabu, kwa sababu kwa Wagiriki pia neno logos lilibeba usemi na akili kwa pamoja. Kazi za mwanafalsafa Mgiriki Aristotle (aliyefariki mwaka 322 K.K.) zilipotafsiriwa kwa Kiarabu, nyingine kupitia Kisiria, watafsiri walihitaji msamiati mzima wa kufikiri. Wanafalsafa kama al-Farabi (aliyefariki mwaka 950) wakaunoa. Sehemu ya msamiati huo sisi tunautumia kila siku bila kujua umetoka mbali kiasi gani: dalili, sharti, dhana, yakini, shaka, muhali.

Linalonifurahisha zaidi ni *dhana*. Kwa Kiarabu dhana ilikuwa ngazi ya chini ya yakini: unadhani, hujajua. Kiswahili kimelipasua neno hilo vipande viwili. Kitenzi kimebaki na maana ya zamani: "nilidhani umeondoka" ni kukisia, na kumdhania mtu ni karibu na kumsingizia. Lakini nomino imepanda cheo. Leo "dhana ya haki" au "dhana ya wakati" si kukisia haki wala wakati, ni wazo lenyewe katika ukamilifu wake. Kwa hiyo mtu akiandika "hiyo ni dhana tu", simama umuulize: unasema ni wazo, au unasema ni kisio lisilo na ushahidi? Nimeona watu wakigombana kurasa tatu kwa sababu kila mmoja ameshika kipande chake.

*Muhali* nalo lina visa. Maana yake ya kwanza ni jambo lisilowezekana kabisa, kama duara lenye pembe nne. Lakini waswahili tukasema pia "kuona muhali", yaani kushindwa kumkatalia mtu kwa haya au kwa heshima. Kutoka kwenye lisilowezekana kimantiki hadi kwenye lisilowezekana kwa sababu mama mkwe ndiye aliyeomba. Napenda lugha hii.

#6 Jiwe la Mtoni

Na ndiyo hoja yangu (au dai, kama mleta uzi anavyotaka). Maneno yote hayo ni ya Kiarabu. Kiswahili chenyewe hakina falsafa, tumeazima kila kitu. Tukubali tu mambo haya yana lugha zake.

#7 Mwanafunzi wa Lugha

Jiwe, tuipime kwa kipimo cha mleta uzi. Msingi: maneno ya mantiki katika Kiswahili yameazimwa. Hitimisho: Kiswahili hakiwezi falsafa. Weka Kilatini mahali pa Kiswahili. Cicero, mwandishi wa Roma ya kale, alipotaka kuandika falsafa kwa Kilatini alikuta maneno hayapo, akawa anayaunda kwa kufuata ya Kigiriki. Neno la Kilatini la "sifa" ya kitu, qualitas, aliliunda yeye ili kufasiri neno la mwanafalsafa Mgiriki Plato. Lugha za Ulaya zinalitumia hadi leo. Je, Kilatini hakikuweza falsafa?

Mamba si ndege, mkuu.

#8 Jiwe la Mtoni

Hahaha, nimeipokea. Bado sijakubali, ila nimeipokea.

#9 Mpembuzi

Na wala si yote yameazimwa. Maneno madogo ndiyo yanayobeba mzigo, na hata yale yenye asili ya Kiarabu, kama *sababu* na *maana*, tumeyafanya yetu. Hapa ndipo nilipotaka tukae.

Chukua sentensi mbili:

"Ardhi imelowa kwa sababu mvua ilinyesha."

"Mvua ilinyesha, maana ardhi imelowa."

Ya kwanza inaeleza kilichosababisha nini. Ya pili inaeleza nimejuaje. Mvua ndiyo iliyoilowesha ardhi, lakini ardhi ndiyo iliyonipa habari za mvua. Mishale miwili inayokwenda pande tofauti. Kiswahili kina neno la kila mshale: *kwa sababu* kwa chanzo, *maana* kwa ushahidi. Sasa sema "Mvua ilinyesha kwa sababu ardhi imelowa" uone sikio linavyokataa, kana kwamba ukimwaga ndoo ya maji uani utaiita mvua.

Tatizo ni kwamba siku hizi "kwa sababu" imemeza kila kitu. Mtu anaandika "Fulani ana hatia kwa sababu alikimbia". Kukimbia hakukumtia hatiani. Kukimbia ni dalili, tena dhaifu, maana hata mwoga asiye na kosa hukimbia. Angeandika "ana hatia, maana alikimbia", angalau msomaji angeona wazi kwamba anaonyeshwa ushahidi, na ushahidi hupimwa.

Tazama pia jinsi "maana" ilivyo na kazi mbili. "Hii ina maana kwamba..." ni njia yetu ya kusema jambo hili linalazimu lile. Maana ya neno, na kile kinachofuata kutoka kwenye neno, tumevipa jina moja. Sidhani kama ni bahati mbaya.

*Kwani* imo ukoo huohuo: "Sikuja, kwani nilikuwa naumwa." Lakini ikianza sentensi hugeuka ngumi: "Kwani wewe nani?" Hapo mjadala umeondoka kwenye hoja umehamia kwa mtoa hoja. Neno la kutolea sababu limekuwa la kukwepea sababu.

#10 Bi Mdadisi

Nimefurahi kuona *maana* inapewa haki yake. Mimi nina la kwangu, na linanikera kila siku: *wote* pamoja na ukanushi.

"Wageni wote hawajafika." Niambieni, kuna mgeni hata mmoja ukumbini?

#11 Chembe

Hakuna. Wote hawajafika.

#12 Ulimi Mzito

Mimi naelewa kwamba baadhi wamefika, ila hawajatimia.

#13 Bi Mdadisi

Mmeona? Sentensi moja, watu wawili, kumbi mbili tofauti. Moja tupu, nyingine ina watu.

Kiswahili kina njia ya kulinyoosha. Ukitaka ukumbi mtupu: "Hakuna mgeni aliyefika." Ukitaka ukumbi wenye watu: "Si wageni wote waliofika." Ile *si* ikitangulia *wote*, inakanusha ukamilifu tu. Ukanushi ukiingia ndani ya kitenzi, hakuna ajuaye umekanusha nini. Anayeandika mkataba au kanuni za chama na kuacha "wanachama wote hawaruhusiwi" anajitafutia kesi.

Na hapa kuna jambo kubwa kuliko sarufi. Mtu akidai "Wanasiasa wote ni waongo", wengi hudhani kumpinga ni kusema "Hakuna mwanasiasa mwongo". Mzigo mzito wa bure! Unachohitaji ni mwanasiasa mmoja mkweli. "Si wote" inatosha kulibomoa "wote". Aristotle aliliweka wazi zamani: "wote" na "hakuna" haviwezi kuwa kweli kwa pamoja, lakini vyaweza vyote kuwa si kweli. "Wote" na "si wote" ndivyo visivyo na njia ya tatu.

Mimi huviita *kinyume* na *ukanushi*. Kinyume cha moto ni baridi. Ukanushi wa moto ni kutokuwa moto, na uvuguvugu umo humo. Anayekubana uchague kati ya vinyume viwili anakunyima uvuguvugu. "Usipokuwa nasi, wewe ni adui yetu." Kumbe mtu anaweza kuwa amelala tu.

#14 Jiwe la Mtoni

Hii ya uvuguvugu nimeiba.

#15 Chembe

Bi Mdadisi, na *au* je? "Chai au kahawa" naelewa ni moja tu. Lakini "mwenye kitambulisho au pasipoti apite", mwenye vyote viwili atazuiwa?

#16 Bi Mdadisi

Hatazuiwa, na ndiyo shida ya *au*, inabeba zote mbili. Nikitaka moja tu nasema *ama... ama*: ama uende ama ubaki. Sikio langu halikubali vyote viwili hapo. Kwingine naongeza "au vyote viwili" na kumaliza ubishi.

#17 Mpembuzi

Nalo sharti lina mtego wa aina hiyo. "Ukisoma utafaulu." Karibu kila anayesikia hujiongezea kimoyomoyo: "na usiposoma hutafaulu." Hilo halikusemwa. Kusoma kumetajwa kuwa *kunatosha*, hakukutajwa kuwa ni *lazima*. Anayetaka la pili aseme "Hutafaulu usiposoma", na anayetaka yote mawili kuna ile ya watu wa hesabu, "ikiwa na ikiwa tu". Ni nzito mdomoni lakini haivuji.

*Maadamu* ni dada yake mwenye kiburi. "Ikiwa amekubali" inaacha mlango wazi. "Maadamu amekubali" inauchukua ukubali kama jambo lililokwisha. Mjanja huingiza msingi wake kwa maadamu, na wewe unabaki unabishana na hitimisho wakati msingi umepita bila kukaguliwa. Chunga sana maadamu.

#18 Ulimi Mzito

Wakuu mimi nilitaka majina ya yale makosa ya hoja. Kila nikitafuta nakuta tafsiri za ajabu, mara "mtu wa majani", mara "mteremko wenye utelezi". Nani anaongea hivyo?

#19 Bi Mdadisi

Hakuna anayeongea hivyo, na hatuhitaji. Mtu akikupachika neno ambalo hukulisema kisha akalipinga hilo, *amekulisha maneno*. Kila mtu analijua kosa hilo kwa jina hilo.

Akitaka ukubali jambo kwa kuwa watu wengi wanalikubali, hiyo ni *wengi wape*. Methali yenyewe ni ya kuwapa wengi wanachotaka, na kwenye kura inafaa. Kwenye ukweli, wengi hawapewi kitu.

Akihukumu kundi zima kwa mmoja: *samaki mmoja akioza, wote wameoza*. Hii nimeona watu wakiitoa kama hoja, ilhali ndilo kosa lenyewe.

Akikutisha kwamba hatua ndogo leo italeta maangamizi kesho: *usipoziba ufa utajenga ukuta*. Hapa pana haki kidogo, nyufa zingine hubomoa kweli. Muulize tu akuonyeshe ufa unavyopanuka, hatua kwa hatua.

Akisema kila mtu na ukweli wake: *akili ni nywele*. Hapo mjadala umefungwa, mkalale.

Na mfalme wao wote: *lisemwalo lipo, kama halipo laja*. Tazameni ufundi wake. Likitokea, methali imeshinda. Lisipotokea, bado laja. Hakuna siku itakayoonekana kuwa si kweli. Mwanafalsafa wa sayansi Karl Popper aliandika mwaka 1934 kwamba dai la kisayansi lazima liwe na namna ya kuweza kukanushwa. Kwa kipimo hicho methali yetu haishindwi kamwe, na kwa sababu hiyohiyo haituambii chochote.

#20 Mwanafunzi wa Lugha

Naomba kuzitetea kidogo. Methali hazikuumbwa kuwa kanuni. Ndiyo maana tunayo "haraka haraka haina baraka" na pembeni yake "ngoja ngoja huumiza matumbo", na hakuna mzee aliyewahi kuona ukinzani. Ni kama dawa, hutolewa kwa mgonjwa. Anayezichukua kama misingi ya hoja ndiye mwenye kosa.

Tena zingine zina falsafa ndani yake. *Bandu bandu huisha gogo.* Bandua kibanzi kimoja, gogo bado ni gogo. Bandua kingine, bado ni gogo. Ikiwa kibanzi kimoja hakiwezi kuligeuza gogo kuwa si gogo, mbona linaisha? Ni lile fumbo la chungu (yaani lundo) ya nafaka linalohusishwa na mwanafalsafa Mgiriki Eubulides wa Mileto, karne ya 4 K.K. Punje moja haifanyi chungu, punje mbili hazifanyi, sasa ni ya ngapi inayoifanya? Ila angalieni: "haba na haba hujaza kibaba" haina fumbo hilo, kwa kuwa kibaba ni kipimo chenye ukingo, kinajaa na unaona. Gogo halina ukingo. Methali mbili zinazofanana kwa sura, moja salama, nyingine ina shimo.

#21 Chembe

Nimesoma hiyo ya gogo mara tatu. Asante kwa kuniharibia usiku.

#22 Jiwe la Mtoni

Haya, mimi naleta mtihani. Descartes, mwanafalsafa Mfaransa, 1637: "Nafikiri, kwa hiyo nipo." Mleta uzi, hapo Kiswahili kimetosha?

#23 Mpembuzi

Jiwe umepiga penyewe, na sijui kama umejua ulipopiga.

Hiyo *-po* ni ya mahali. Nipo hapa, niko huko, nimo ndani. Kiswahili hakina njia nyepesi ya kusema mtu "yu" kisha ukanyamaza, sentensi inadai ikamilishwe. Ni nini? Yu wapi? Alexis Kagame wa Rwanda, aliyeandika mwaka 1956 juu ya falsafa iliyomo katika mzizi -ntu wa Kinyarwanda, aliligusa jambo hili: kwa msemaji wa lugha za Kibantu, "kuwa" peke yake ni maneno yaliyokatika.

Sasa Descartes katika ukurasa uleule anasema aliweza kujifanya hana mwili, na kwamba hakuna ulimwengu wala *mahali* popote alipo, lakini hakuweza kujifanya hayupo. Aliondoa mahali kwanza ndipo akajikuta. Sisi tukitafsiri "nipo", tunamrudishia kwa herufi mbili kile alichokwisha kukitoa.

#24 Mwanafunzi wa Lugha

Nakataa kwa heshima. Tunasema "Mungu yupo" na hakuna anayeuliza ni mtaa gani. Hiyo -po imekwisha kuchakaa, imeachana na mahali. Asili ya neno si maana yake ya leo, na hilo nililisema mwenyewe kwenye *dhana*.

#25 Mpembuzi

Sawa, ila watoto huuliza. "Mungu yupo wapi?" ni miongoni mwa maswali yao ya mwanzo, na lugha ndiyo inayowapa nafasi ya kuliuliza. Nakubali imechakaa. Sikubali imekwisha.

#26 Jiwe la Mtoni

Kwa hiyo Kiswahili kinaweza kumkosoa Descartes. Hili sikulitarajia. Naondoa dai langu la #6, au tuseme nalipunguza: si maneno yote yanayokosekana.

#27 Bi Mdadisi

Umesema "si yote". Umefuzu.

#28 Ulimi Mzito

Nimefika mwisho wa uzi. Kusema ukweli, wote hatujaelewa hiyo ya gogo.

#29 Chembe

Wote hatujaelewa, au si wote tulioelewa?